Papanicolaou, munganga aliyesoma kanseri ndani ya tone la maji ya mwili

Mama anapofika hospitalini Kolwezi, Lubumbashi ao Bukavu na kuambiwa atafanyiwa froti, anapimwa kwa njia ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 60 iliyopita. Mtu huyo ni George Papanicolaou, Mgiriki. Kolwezi Wagiriki wanajulikana zaidi kwa misheni ya Kanisa la Orthodoksi, lakini huyu alikuwa mtu wa laboratwari, na kazi yake imeokoa wamama wengi duniani.

Alizaliwa tarehe 13 Mei 1883 katika mji mdogo wa Kymi, kwenye kisiwa cha Euboea. Baba yake alikuwa munganga na alitaka kijana afuate njia hiyo. Papanicolaou alimaliza masomo ya uganga Athens mwaka 1904, lakini moyo wake ulikuwa katika utafiti. Alienda Ujerumani, akapata udaktari wa elimu ya wanyama Munich mwaka 1910. Mwaka huo huo alioa Andromachi Mavroyeni, aliyejulikana baadaye kama Mary.

Oktoba 1913, bibi na bwana walishuka New York na dola 250 tu. Mary alishona vifungo katika duka kubwa. Bwana yake aliuza mazulia, akapiga fidla kwenye mikahawa, akafanya ukarani katika gazeti la Wagiriki. Mwaka 1914 alipata nafasi katika chuo cha uganga cha Cornell.

Huko alichunguza simbilisi, wale ambao Kivu wanaitwa dende. Alitaka kujua siku ambayo yai la jike linakomaa bila kumuua mnyama. Alichukua majimaji kidogo ukeni, akayapaka kwenye kioo na kuyatazama kwa mikroskopi. Aliona seli zikibadilika siku baada ya siku. Mwaka 1917 alichapisha matokeo hayo pamoja na Charles Stockard.

Kisha akageukia binadamu. Mary, ambaye sasa alifanya kazi naye laboratwari, alikubali kuchukuliwa majimaji tena na tena kwa miaka mingi ili bwana yake ajue sura ya seli za mwanamke mzima. Bila kipimo hicho cha afya njema, ugonjwa usingetambulika.

Na tofauti ilikuwa kubwa. Seli ya kawaida ya juu ya shingo ya kizazi ni pana na bapa; zikipangwa 20 hivi, zinafikia milimita 1. Kiini chake ni kidogo kama nukta. Seli inapoanza kuharibika, kiini kinavimba, eneo lake linaweza kupita mara tatu la kawaida. Kinakuwa cheusi zaidi, kingo zake zinapinda, na seli za jirani hazifanani tena. Mchimbaji wa Lualaba hatambui jiwe lenye madini kwa alama moja tu. Analinganisha rangi, uzito na mishipa. Papanicolaou alifanya vivyo hivyo.

Januari 1928 alitangaza ugunduzi wake huko Battle Creek, jimbo la Michigan. Wataalamu wengi hawakujali. Kwao, kanseri ilithibitishwa kwa kukata kipande cha nyama ya mwili, si kwa kutazama seli zilizochubuka. Huko Romania, munganga Aurel Babeș naye alikuwa amefikia wazo linalofanana. Papanicolaou aliweka jambo hilo pembeni kwa karibu miaka kumi.

Mwaka 1939 alirudi kazini na mtaalamu wa magonjwa ya wamama, Herbert Traut. Walipima wamama waliolazwa hospitalini New York, wakakuta kanseri ambazo hakuna aliyezishuku. Makala yao ya 1941 na kitabu cha 1943 vilibadilisha mawazo ya waganga. Mahali ambapo wamama walipimwa kwa utaratibu, kama Marekani, vifo vilishuka kwa zaidi ya nusu.

Alipewa tuzo ya Lasker mwaka 1950. Ya Nobel hakuipata. Mwishoni mwa 1961 alihamia Miami kuongoza taasisi ya kanseri, lakini moyo ulisimama tarehe 19 Februari 1962. Mary aliishi hadi 1982.

Hata hivyo, mwaka 2022 ugonjwa huo uliua wamama karibu 350,000 duniani, wengi katika nchi maskini. Froti inahitaji kioo, rangi, mikroskopi na jicho lililofundishwa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, OMS, linakubali pia kipimo cha virusi vya HPV na kile cha siki, na linataka wamama 70 kwa 100 wawe wamepimwa ifikapo 2030. Kwa kawaida seli huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 10, kutoka kubadilika hadi kuwa kanseri. Katika miaka hiyo yote mama hasikii maumivu, na ndipo bado anaweza kuponywa kwa urahisi.