Vincent van Gogh: Mchoraji Aliyekaa na Wachimbaji, na Rafiki Aliyemwandikia Ukweli

Wana Mwakitolyo wenzetu, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Kijarida hiki cha harambee huwa na maisha ya mtu mmoja aliyetangulia mbele ya haki, na kwa kawaida tunamchagua mtu wa karibu. Mwaka huu tumemchukua Mholanzi ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Msishangae. Mtu huyu aliishi na wachimbaji na akashuka mgodini pamoja nao. Halafu kuna habari ya barua zake, ambayo inatuhusu sisi kwenye kamati kuliko tulivyopenda.

Vincent van Gogh alizaliwa tarehe 30 Machi 1853 katika kijiji cha Zundert, kusini mwa Uholanzi. Baba yake alikuwa mchungaji. Kazi ya kuuza picha dukani, huko The Hague, London na Paris, ilimshinda akaachishwa. Akafundisha shule Uingereza, akauza vitabu, akaanza kusomea uchungaji, akaacha. Desemba 1878, akiwa na miaka 25, alikwenda Borinage, eneo la machimbo ya makaa ya mawe nchini Ubelgiji, akiwa mhubiri wa kujitolea. Mwezi uliofuata wakubwa wa kanisa walimpa kazi ya miezi sita ya majaribio.

Aliyewahi kushuka kwenye duara la Namba 5 hahitaji kuelezwa Borinage ilikuwaje. Vincent aliingia mgodi wa Marcasse, uliokuwa na sifa mbaya kwa watu kufia humo, akateremshwa mita 700 hivi. Aliwakuta watu wamejikunja kwenye vijishimo vyembamba wakigonga makaa kwa mwanga wa kitaa kidogo, na watoto, wavulana kwa wasichana, wakipakia mikokoteni. Tarehe 17 Aprili 1879 gesi ililipuka katika mgodi wa Agrappe, kijiji cha jirani cha Frameries. Walikufa watu 121. Inasimuliwa kwamba Vincent alichana nguo zake akazifanya bandeji za kufungia walioungua. Kabla ya hapo alikwisha kugawa nguo zake nzuri na kuhamia kwenye kibanda, akilala juu ya majani makavu, kwa sababu aliona aibu kuwahubiria maskini huku akilala pazuri.

Wachimbaji walimpenda. Wakubwa wa kanisa hawakupendezwa. Miezi sita ilipokwisha hawakumwongezea muda, wakasema hana kipaji cha kuhubiri. Alibaki palepale Borinage, hana kazi wala mshahara, akichora wachimbaji wakienda kazini alfajiri. Mwaka 1880 aliamua kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Mdogo wake Theo, aliyekuwa muuza picha Paris, ndiye aliyemlisha kuanzia hapo hadi mwisho.

Mwishoni mwa mwaka huo, mjini Brussels, alifahamiana na mchoraji mwenzake, Anthon van Rappard. Hawakulingana hata kidogo. Rappard alikuwa mdogo kwake kwa miaka mitano, mtoto wa familia yenye cheo na uwezo, amesoma vyuo vya sanaa. Vincent alikuwa amechakaa, mbishi, na chuo alikidharau. Lakini kuanzia 1881 hadi 1885 waliandikiana, na zaidi ya barua 50 za Vincent kwa Rappard zipo mpaka leo.

Ukisoma barua hizo huoni watu wakubwa. Unaona mafundi wawili wakipeana habari za kazi. Wote walikusanya picha zilizokatwa kwenye magazeti ya Uingereza, hasa zile za wafanyakazi na maskini. Mmoja akiwa na mbili zinazofanana, moja anamtumia mwenzake. Walijadiliana kalamu, wino na karatasi. Wakati Vincent anaishi The Hague na mwanamke maskini aliyekuwa na mimba ya mtu mwingine, ndugu walimkasirikia na wachoraji wengine wakamkwepa. Rappard hakukata mguu. Alimtembelea, akaona mchoro mmoja umechanika na mwenye nao hana hela ya kuutengenezesha, akatoa pesa hapohapo.

Machi 1885 baba yake Vincent alifariki ghafla. Rappard alipelekewa tangazo la msiba lililochapwa, bila neno la mkono wa rafiki yake, na jambo hilo lilimuuma. Wakati huo Vincent alikuwa kijijini Nuenen akihangaika na picha ya wakulima watano waliozunguka meza chini ya taa, wakila viazi. Alikuwa amechora nyuso za wanakijiji kipindi chote cha baridi kujiandaa. Alitaka mtu aone kwamba mikono inayochukua viazi kwenye sahani ndiyo iliyoichimba ardhi. Akatengeneza nakala za kuchapa za picha hiyo, kwa siku moja na bila mfano mbele yake, akamtumia Rappard nakala moja.

Jibu la Rappard la mwezi Mei lilikuwa kali. Alisema kazi kama ile haiwezi kuwa ya dhati. Mkono wa mwanamke si wa kweli, mwanamume amechorwa kama mtu asiye na goti wala mapafu, na sanaa ni kitu kikubwa mno kufanyiwa ulegevu. Vincent aliikunja barua ileile akairudisha siku hiyohiyo, na maneno machache tu juu yake.

Hapa tusimame kidogo. Mwaka jana kamati yetu ilipata barua ya mwanachama mmoja, mzaliwa wa hapa anayeishi mbali, akiuliza kwa nini chumba cha darasa tulichokichangia misimu miwili kimesimama kwenye usawa wa madirisha. Lugha yake haikuwa ya adabu. Wapo kati yetu waliotaka isisomwe mkutanoni, na hatutaficha kwamba walikuwa wengi.

Rappard alikosea au alipatia? Tunaona alipatia nusu. Ile nakala ilikuwa na kasoro, na Vincent mwenyewe alizikiri baadaye. Lakini picha yenyewe, ambayo sasa iko katika jumba la makumbusho la Van Gogh mjini Amsterdam, miaka miwili baadaye bado aliihesabu kuwa kazi yake bora kuliko zote. Walibishana kwa barua kiangazi kizima, Vincent akitaka mwenzake ayafute maneno yake. Ilipofika Septemba barua zilikoma, na urafiki ukaishia hapo.

Yaliyofuata wengi mmeyasikia: Paris, kisha Arles, sikio alilolikata, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwanzoni mwa 1890 picha yake ya shamba la mizabibu ilinunuliwa kwa faranga 400 na Anna Boch, mchoraji wa Ubelgiji. Vincent alikufa tarehe 29 Julai mwaka huohuo, kwa jeraha la risasi, akiwa na miaka 37. Rappard alimwandikia mama yake barua ya rambirambi, akimkumbuka rafiki yake kwa heshima. Naye alifariki Machi 1892, kabla hajatimiza miaka 34.

Barua za Vincent kwa Rappard zipo kwa sababu Rappard alizitunza. Vincent hakuwa mtunzaji, na barua alizotumiwa nyingi zimepotea. Katika zote alizoandika Rappard kwa Vincent kwa miaka minne imebaki moja tu, nayo ni ile ya Mei 1885, iliyorudishwa kwa hasira.

Barua ya mwanachama wetu ilisomwa, na iko kwenye faili la chama. Jibu letu kwake, pamoja na hesabu ya saruji, nondo na mabati, limechapwa kwenye kurasa za mapato na matumizi mwishoni mwa kijarida hiki.