Zainul-Aabidiin na Sahani ya Mama Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tunayatazama maisha ya Ali bin Hussein bin Ali bin Abi Talib, aliyepewa lakabu ya Zainul-Aabidiin, yaani pambo la wafanya ibada, kwa wingi wa sala na sijida zake.

Kwa kauli iliyo mashuhuri, alizaliwa Madina mwaka 38 Hijria. Babu yake ni Sayyidna Ali, na bibi yake ni Bibi Fatma, binti wa Mtume (S.A.W.). Mwaka 61 Hijria, sawa na 680 Miladia, alikuwapo Karbala, kijana wa miaka 23 hivi. Maradhi yalimlaza hemani, hakuweza kushika upanga. Baba yake na ndugu zake waliuawa, naye akachukuliwa mateka hadi Kufa, kisha Damascus. Aliporejeshwa Madina alijiepusha na fitina za watawala, akashughulika na ibada na elimu. Imamu Zuhri, aliyepokea Hadithi kwake, alimhesabu kuwa mbora wa Makureshi aliowaona.

Usiku alibeba mgongoni magunia ya chakula na kuyafikisha milangoni mwa maskini bila kujitambulisha. Alipofariki, takriban mwaka 94 Hijria, waliomwosha walikuta alama za mizigo hiyo mgongoni mwake, na nyumba nyingi za Madina zikatambua ni nani aliyekuwa akizilisha. Alizikwa Baqii.

Mtu huyu aliyelisha mji alikuwa na adabu ya pekee katika chakula cha mama yake. Wanahistoria wamehitilafiana kuhusu mama huyo. Wako wasemao kuwa aliyemzaa alifariki mapema, na kwamba huyu alikuwa mlezi wake. Lililopokewa ni kwamba watu walistaajabu kuona mwana mwema kiasi hicho hali na mama yake katika sahani moja. Akawajibu kuwa anachelea mkono wake usije ukatangulia kwenye tonge ambalo jicho la mama limekwisha kulitua, akawa amemuasi.

Ndugu msomaji, tusifahamu kisa hiki kuwa ni ruhusa ya kumwacha mzee ale peke yake. Makusudio yake ni kwamba mzazi achague kwanza. Katika sinia zetu vijana wana mikono myepesi. Mzee asiye na meno hutafuna polepole, minofu ikaisha, naye akasema ameshiba kwa kuona haya. Wazee wengi hula vizuri zaidi wakiwa na mwenzi. Basi tuketi naye, tumpakulie kwanza kile anachokipenda, na tuangalie jicho lake linatua wapi.

Akiwa hana hamu ya kula, tumpe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku: uji wa maziwa, mtori, mayai, samaki aliyeondolewa miba, tunda lililoiva. Bibi Aisha (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) sifa ya talbina, uji wa shayiri, kuwa humtuliza moyo mgonjwa na mwenye huzuni. Tumketishe wima anapokula asije akapaliwa, wala tusimshindilie chakula au kumkaripia. Surat al-Israa, aya ya 23, imetukataza hata neno dogo la kuchoshwa nao.

Aidha, tutafute sababu. Huenda ni meno, vidonda vya kinywani, kufunga choo, dawa zinazoharibu ladha, au huzuni ya kufiwa. Anayepungua mwili bila sababu ya wazi, au anayepata taabu kumeza, apelekwe kwa daktari mapema. Tusiseme tu kuwa ni uzee.

Zainul-Aabidiin alichelea kumdhulumu mama yake tonge moja. Leo mchana sinia itakapotengwa, kila mmoja wetu atazame mkono wake unatangulia wapi.

Ewe Mola, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na utujaalie subira katika kuwahudumia. Amin.

Wabillahi tawfiq.