Robert Morrison, Mwanafunzi wa Kichina

Watu wa Kewanja na wa Tarime yote wasemao Kikuria wanajua kwamba katika lugha yao haitoshi kuziweka silabi mahali pake. Ni lazima sauti nayo ipande pale inapopasa kupanda, la sivyo maana hugeuka. Lakini tunapoandika, herufi chache hututosha. Basi fikirini lugha ambayo sauti yake hupanda na kushuka vivyo hivyo, wala haina alfabeti, bali karibu kila silabi yenye maana ina alama yake peke yake, na alama hizo ni maelfu. Lugha hiyo ni Kichina. Mwaka 2013 ilifunguliwa Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vijana wapate kuisoma. Lakini zamani kumfundisha mgeni Kichina lilikuwa jambo la hatari ya kufa, na katika siku hizo Robert Morrison alijifunza.

Alizaliwa tarehe 5 Januari 1782 karibu na mji wa Morpeth, kaskazini ya Uingereza, kitinda mimba wa watoto wanane. Baba yake alikuwa Mskoti, fundi wa kuchonga miti yenye umbo la mguu, ambayo washona viatu huitumia. Robert akajifunza kazi hiyo, naye alizoea kufanya kazi huku kitabu kikiwa wazi mbele yake. Usiku alisoma Kilatini, Kiyunani na Kiebrania. Mwaka 1804 Chama cha Misioni cha London kilimkubali, kikamchagua kwenda China.

Huko London alipata mwalimu, Mchina wa Canton jina lake Yong Sam-tak. Tena katika nyumba ya hazina ya vitabu ya London palikuwa na hati ya kale ya sehemu ya Agano Jipya kwa Kichina, nao wawili wakainakili alama kwa alama. Kila alama ina mapigo ya kalamu yenye utaratibu wake: juu kwanza kisha chini, kushoto kwanza kisha kulia. Alama ya mti ikiandikwa mara mbili pamoja huwa msitu. Mwenye haraka hukosea, na pigo moja likizidi neno huwa jingine.

Siku moja Morrison, akiisha kushika moyoni maneno ambayo mwalimu wake alimwandikia, aliitupa karatasi ile motoni. Yong alighadhibika sana, kwa maana Wachina waliheshimu karatasi yenye maandiko, wala hawakuiharibu ovyo. Siku tatu alikataa kumfundisha. Tangu hapo Morrison aliandika juu ya kipande cha bati, apate kufuta bila kuchoma. Hivyo kabla hajaiona China alijua kwamba lugha ya watu haishikwi na mtu asiyejua wanachokiheshimu.

Mwaka 1807 alisafiri. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki haikukubali kuwachukua wamisionari katika merikebu zake, kwa hiyo alizunguka kwa njia ya Marekani, akafika Macau na Canton mwezi wa Septemba. Hapo akaona ugumu wa kazi yake. Serikali ya China ilikuwa imekataza raia wasiwafundishe wageni lugha. Mwaka 1759 Mchina mmoja aliuawa kwa sababu alimsaidia mfanya biashara Mwingereza kuandika mashtaka kwa Kichina. Yasimuliwa kwamba mwalimu mmoja wa Morrison alichukua sumu mwilini mwake siku zote, ili akikamatwa ajiue asipate mateso.

Ugumu mwingine ulikuwa matamshi. Yong alikuwa mtu wa Canton, lakini wakubwa wa serikali walitumia matamshi mengine. Alama ni moja, sauti ni mbali mbali, kama tarakimu 5 ambayo Mkuria huisoma kwa Kikuria na Mjerumani kwa Kijerumani. Basi Morrison alifundishwa tena na Abel Yun, Mkristo wa Kikatoliki kutoka Peking. Katika matamshi ya huko silabi moja, ma, yaweza kuwa mama, au katani, au farasi, au kukaripia, kwa jinsi sauti inavyopanda na kushuka tu. Hata sala zake za faragha Morrison alijitahidi kuziomba kwa Kichina.

Mwaka 1809 Kampuni ile ile iliyokataa kumsafirisha ilimwajiri kuwa mfasiri, na hivyo akapata ruhusa ya kukaa. Mwaka 1813 alimaliza kufasiri Agano Jipya. Akisaidiwa na William Milne akamaliza Biblia nzima mwaka 1819, nayo ikapigwa chapa Malacca mwaka 1823 katika vitabu 21. Kati ya miaka 1815 na 1823 ilitoka pia kamusi yake kubwa katika vitabu sita. Sehemu ya kwanza ilipangwa kwa kufuata sehemu 214 ambazo alama za Kichina hupangwa kwazo. Ya pili kwa kufuata matamshi. Ya tatu yatoka Kiingereza kwenda Kichina. Hivyo mwenye kuona alama asiyoijua, na mwenye kusikia sauti asiyoijua, kila mmoja alipata mlango wake wa kuingilia.

Mavuno aliyoyaona kwa macho yalikuwa haba. Mtu wa kwanza, Cai Gao, alibatizwa mwaka 1814, na katika miaka yote ya Morrison waliobatizwa walikuwa kama kumi tu. Mkewe Mary alikufa kwa kipindupindu mwaka 1821, na Milne akafa mwaka uliofuata. Lakini mwaka 1823 Morrison alimwekea mikono Liang Afa, mchonga vibao vya chapa, awe mhubiri kwa watu wake. Naye alijua lugha yao kuliko mgeni yeyote.

Morrison alifariki Canton tarehe 1 Agosti 1834, akazikwa Macau. Tafsiri yake ilisahihishwa na wengine, na Wachina wengi leo husoma Biblia iliyotoka mwaka 1919. Kaburi lake lajulikana, wala hatukatai heshima hiyo. Lakini mgeni akikosea alifukuzwa. Mwalimu wake Mchina akikamatwa aliweza kufa. Basi ninyi makatekista, mnaposimulia habari za watu walioleta vitabu, msiwasahau wale waliowafundisha lugha. Yong Sam-tak na Abel Yun wamo katika kila ukurasa wa kamusi ile, ijapokuwa jina lililo juu ya jalada ni moja.