Mzee Kawawa na Filamu Zetu za Kale

Abiria anayeshuka katika Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, hupokewa na sauti za wapiga debe na wachuuzi wa kila namna. Wamo pia wauza filamu. Kwao Charlie Chaplin, aliyefariki mwaka 1977, angali anatembea na fimbo yake na kuwachekesha watoto bila ya kutamka neno. Lakini ukiiacha Mbezi Luis na kushika barabara ya Goba, hatimaye unafika Madale, alikozikwa Mzee Rashidi Mfaume Kawawa mwezi wa Januari 2010. Huyo naye alikuwa mchezaji wa sinema, na ni watoto wachache waijuao habari hiyo. Leo safu hii yataka kuyakumbuka maisha yake kwa upande huo unaosahauliwa.

Mzee Kawawa alizaliwa mwaka 1926 katika nchi ya Songea, sehemu ambayo sasa ni Wilaya ya Namtumbo. Alisoma Liwale, kisha Dar es Salaam, na mwisho Tabora, katika shule iliyotoa viongozi wengi wa taifa hili. Nafasi ya kuendelea na masomo ya juu aliiacha, akaenda kutafuta kazi ili awasomeshe wadogo zake. Alianza kwa ukarani serikalini, kisha akahamia kazi za maendeleo ya jamii, ambako alikutana na filamu.

Filamu hazikuwa jambo geni katika Tanganyika. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulifanyika mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika habari za afya, kilimo na akiba. Picha zilipigwa bila sauti, na maelezo yakatolewa kwa santuri iliyochezwa pembeni. Chache tu ndizo zilizosalia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni ilijaribu tena, safari hii kwa filamu za hadithi zenye kusema Kiswahili. Kazi ilipewa kampuni ya Afrika Kusini iitwayo African Film Productions, iliyoanza kutengeneza filamu tangu zama za picha zisizo na sauti. Kijana Kawawa akachaguliwa kuwa mchezaji mkuu. Alicheza katika Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba aliyeingia mjini na kukutana na hadaa zake. Zilikuwapo pia Meli Inakwenda, Wageni Wema na Chalo Amerudi. Vijana wa leo walijuao jina la Muhogo Mchungu humfikiria mchekeshaji wa televisheni. Kumbe jina hilo lilitangulia katika sinema, zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Hapana shaka filamu hizo zilitengenezwa kwa shabaha za mtawala. Hata hivyo nyuso zilizomo ni za watu wetu, lugha ni yetu, na mitaa ni ile ya Dar es Salaam ambayo haipo tena. Zaidi ya kuigiza, Mzee Kawawa alishika usukani wa kikosi cha sinema ya kutembea kilichosaidia kampeni ya elimu ya kusoma na kuandika. Hatudai kwamba sinema ndiyo iliyomfanya kiongozi. Lakini mtu aliyezoea kusimama mbele ya umati wa wanakijiji na kuwafahamisha jambo kwa Kiswahili chepesi hakuwa mgeni wa siasa alipoiingia.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1955 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, naye akawa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Januari 1962 alishika Uwaziri Mkuu Mwalimu Nyerere alipojiuzulu. Baada ya Muungano wa mwaka 1964 alikuwa Makamu wa Pili wa Rais, na kutoka 1972 hadi 1977 akawa Waziri Mkuu tena. Alikuwa Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi katika miaka ya 1980. Wananchi walimwita Simba wa Vita. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009.

Wasomaji wetu wa visiwani hawahitaji kufundishwa thamani ya sinema. Unguja ilikuwa na jumba la Royal tangu mwaka 1921, wakati picha hazijaanza kusema, na ilipata televisheni ya rangi miaka 20 hivi kabla ya Bara kupata televisheni yoyote. Kanda za video zilipoenea katika miaka ya 1980, sebule ya nyumba iligeuka kuwa jumba la sinema. Duniani kote kanda hizo, na baadaye diski, zimefufua kazi zilizodhaniwa kufa. Mwaka 1981 nakala ya asili ya filamu ya Kifaransa juu ya Jeanne d'Arc, ya mwaka 1928, ilipatikana katika hospitali moja ya Norway. Leo yeyote aweza kuitazama nyumbani kwake. Hata filamu iitwayo Simba, ya mwaka huohuo wa 1928, iliyopigwa Afrika Mashariki na Wamarekani Martin na Osa Johnson, ilitolewa tena kwa video. Simba wa mbugani amepata makao sebuleni. Simba wa Vita bado.

Twawaomba wakuu wa idara zinazohusika, Bara na Zanzibar, walione jambo hili kuwa la haraka. Mikanda ya zamani huoza, na joto pamoja na unyevu wa pwani yetu huharakisha uozo huo. Mkanda ulioanza kunuka siki hausubiri bajeti ya mwaka ujao. Yafaa kila nakala iliyosalia, iwe hapa nchini au ng'ambo, itafutwe, isafishwe, inakiliwe na kusambazwa kwa bei ambayo mchuuzi wa Mbezi Luis na mvuvi wa Mkoani wataimudu. Barabara na shule zimekwisha kupewa jina la Mzee Kawawa. Yafaa sasa watoto wamwone akicheka, akitembea na kusema, angali kijana wa miaka 25 hivi.