Isike

Isike (pia: Mwana Kiyungi, alifariki Tabora, Januari 1893) alikuwa mtemi wa Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi uliouzunguka mji wa Tabora katika Tanzania ya leo. Anakumbukwa hasa kwa kupinga kwa silaha utawala wa Ujerumani.

Utawala

Baba yake, Mkasiwa, alipata utemi mnamo mwaka 1860 kwa msaada wa wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Hao walikuwa wamemwondoa mtemi Mnywa Sere kwa sababu alitaka kuwatoza kodi. Isike alimrithi baba yake mwaka 1876, lakini hakukubali kuwa kibaraka wa wafanyabiashara hao.

Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo, njia moja ilielekea magharibi hadi Ujiji. Nyingine zilikwenda kaskazini, kupitia maeneo ambayo leo yamo katika mikoa ya Shinyanga na Geita, hadi Ziwa Viktoria na Buganda. Misafara ya pembe za ndovu, nguo na bunduki ilitoa hongo kwa watemi ili ipite. Kwa hiyo aliyeishika Tabora alishika biashara ya bara.

Vita dhidi ya Wajerumani

Mwaka 1890 Emin Pasha alifika Tabora kwa niaba ya Ujerumani. Waarabu wa mji huo waliikubali bendera ya Kijerumani bila vita, na hivyo Isike akabaki bila washirika hao. Mwaka 1892 Wajerumani walishambulia ngome yake, lakini kuta zake nene na bunduki za watu wake ziliwarudisha nyuma.

Mnamo Januari 1893 kikosi kilichoongozwa na luteni Tom Prince kilifaulu kuingia ndani. Isike alipoona ngome imetekwa, aliiwasha ghala ya baruti ili asikamatwe. Mlipuko haukumuua papo hapo. Wajerumani walimtoa akiwa mahututi, wakamnyonga.

Baada ya kifo chake

Kuanguka kwa Isike kuliwafungulia Wajerumani njia za kaskazini na magharibi. Prince alishiriki pia katika vita dhidi ya Mkwawa wa Uhehe, ambaye naye alijiua mwaka 1898 badala ya kukamatwa.

Makao ya mtemi katika Kinyamwezi na Kisukuma huitwa ikulu. Leo neno hilo limeingia katika Kiswahili kama jina la makao ya rais wa Tanzania.