Fourier, Yatima Aliyetufunza Kuipima Sauti

Mwalimu mwenzangu, mpenzi mkubwa wa taarabu, alinijia majuzi kutaka shauri. Alikuwa amedunduliza akiba ya miaka miwili ili anunue chombo cha kugeuza tarakimu zilizohifadhiwa katika sidii kuwa sauti, na muuzaji alikuwa akimshawishi achukue kilicho ghali kuliko vyote. Badala ya kumjibu moja kwa moja, nilimsimulia maisha ya Joseph Fourier.

Fourier alizaliwa mwaka wa 1768 mjini Auxerre, Ufaransa, mwana wa mshona nguo. Wazazi wake walifariki angali mtoto. Elimu ndiyo iliyomlea: alisoma katika chuo cha kijeshi cha mji huo, na baadaye akafundisha papo hapo. Siasa za mapinduzi zilimtia gerezani mwaka wa 1794, na yamkini angaliuawa lau Robespierre asingaliangushwa. Mwaka wa 1798 aliandamana na Napoleon hadi Misri, akawa katibu wa taasisi ya wataalamu mjini Cairo. Aliporejea, alifanywa mkuu wa jimbo la Isère, akashughulikia barabara na ukaushaji wa vinamasi.

Katikati ya pilikapilika hizo ndipo alipochunguza jinsi joto linavyosambaa. Mwaka wa 1807 aliwaeleza wataalamu wa Paris kwamba hata umbo lenye pembe kali laweza kuundwa kwa kujumlisha mawimbi mepesi. Lagrange, mwanahisabati aliyeheshimiwa mno, aliipinga hoja hiyo. Fourier hakukata tamaa. Kitabu chake kilichapishwa mwaka wa 1822, miaka minane kabla ya kifo chake.

Sisi wanaisimu tuna deni kwake. Kwa hesabu yake twaweza kuonyesha ni mawimbi yapi yanayoitenga irabu a na irabu i. Nao waliomfuata katika karne ya ishirini walithibitisha kwamba ukilipima wimbi zaidi ya mara mbili kwa kila mtetemo wake ulio wa kasi kabisa, waweza kuliunda upya bila kupoteza chochote. Sikio la binadamu hukomea takriban mitetemo 20,000 kwa sekunde. Sidii hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde.

Kwa hiyo nilimwambia mwenzangu kwamba chombo cha bei ya wastani, mradi kimeundwa vyema, kitamtosha. Fedha zitakazosalia azitumie kwa vipaza sauti, kwa kuwa hapo ndipo sikio hutambua tofauti kwa urahisi. Alinuna kidogo, kisha akakubali.

Wanafunzi wangu huniuliza hisabati yamfaa nini mtu wa lugha. Naamini yamfaa hivi: humkinga dhidi ya maneno matamu yasiyo na kipimo, yawe ya muuzaji dukani au ya mwanazuoni mwenye jina kubwa.