Blasio Kigozi: Shemasi Aliyetaka Kanisa Liamke



Sisi tunaoishi Ngara na Biharamulo tuna majirani wanaoitwa Walokole, na wengi wetu tunao pia ndani ya ukoo. Tunakutana nao sokoni, kisimani na msibani. Wimbo wao wa Tukutendereza tunaufahamu, hata wale ambao hatujui Kiganda. Lakini ni wachache kati yetu wanaojua uamsho huo ulitoka wapi. Katika makala hii tunasimulia maisha ya mmoja wa waliouanzisha, Blasio Kigozi, mwalimu na shemasi wa Kanisa la Anglikana aliyefariki mwaka 1936 akiwa bado kijana. Hakuwa Mkatoliki. Hata hivyo, swali aliloliacha linatugusa sote, na sisi tunaojiandaa kuhudumu altareni linatugusa kwanza.

Blasio alizaliwa Buganda mwaka 1909, katika familia ya machifu. Kaka yake, Simeoni Nsibambi, alikuwa mtumishi wa serikali ya Buganda katika mambo ya afya. Baadaye Nsibambi aliacha kazi hiyo yenye heshima ili awahubirie watu Injili mmoja mmoja pale Kampala. Mwaka 1929, karibu na kanisa kuu la Namirembe, Nsibambi alikutana na daktari mmisionari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa amechoka mwili na roho. Wawili hao walikaa pamoja wakisoma Maandiko na kusali. Historia ya uamsho wa Afrika Mashariki huanza kuhesabiwa kutoka mkutano huo wa mtu mweusi na mtu mweupe waliokubaliana kwamba wote ni wahitaji.

Dk. Church alikuwa anafanya kazi Gahini, mashariki mwa Rwanda. Kwa wasomaji wetu wa Ngara mahali hapo si mbali: anayevuka daraja la Rusumo kwenda Kigali hupita Kayonza, na Gahini ipo kaskazini kidogo ya hapo, kando ya Ziwa Muhazi. Mwaka 1928 na 1929 eneo hilo lilipigwa na njaa kali ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Ni katika mazingira hayo kwamba Blasio, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, aliacha starehe za Buganda akaenda kufundisha shule katika nchi ya wageni, yenye lugha nyingine na maisha magumu.

Hapo Gahini alifanya kazi pamoja na Yosiya Kinuka, msaidizi wa hospitali kutoka Ankole. Yosiya alikuwa amekata tamaa na utumishi wake mpaka alipokwenda Kampala kukaa na Nsibambi, akarudi akiwa na moyo mpya. Mwishoni mwa mwaka 1933 kulikuwa na mkutano wa sala Gahini. Watu walianza kusimama mmoja baada ya mwingine, wakiungama dhambi zao kwa machozi.

Mwaka 1934 Blasio alipewa ushemasi katika Kanisa lake. Kwa nje alikuwa na kila kitu: elimu, cheo na heshima. Yeye hakuridhika. Aliona kwamba mtu anaweza kufundisha dini kila siku na ndani yake akawa mkavu. Mwaka 1935 alijitenga kwa muda wa wiki moja, akasali peke yake. Alipotoka, waliomfahamu walimwona ni mtu mwingine. Mwezi Septemba mwaka huohuo alikwenda na wenzake wa Gahini mpaka Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kuhubiri. Baada ya mahubiri hayo watu walitubu, wakalipa madeni, wakarudisha mali walizoiba na kupatana na waliokosana nao.

Mwanzoni mwa mwaka 1936 Blasio alitakiwa kuzungumza mbele ya sinodi ya Kanisa lake huko Kampala. Aliandaa mambo matatu. La kwanza, aliuliza ni nini kilicholifanya Kanisa kupoa na kuwa kama mfu. La pili, aliuliza kwa nini watu wanaojulikana kuishi katika dhambi wanaachwa kupokea Meza ya Bwana bila kutubu. La tatu, aliuliza kifanyike nini ili Kanisa lipate uhai tena. Wito wake wote aliuweka katika neno moja la Kiganda, Zukuka, yaani amka.

Hakuwahi kusema hayo. Alishikwa na homa ya papasi, akafa Kampala tarehe 25 Januari 1936. Lakini maswali yake yalifika. Askofu Cyril Stuart alilipokea neno lile, na Kanisa lake lilipoadhimisha miaka 60 ya uinjilishaji wa Uganda mwaka 1937, Zukuka ikawa wito wa adhimisho hilo.

Miaka mitatu baada ya kifo cha Blasio, uamsho ulivuka kuja upande wetu. Mwaka 1939 kundi la kutoka Gahini liliitwa katika shule ya Waanglikana ya Katoke, kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria. Kutoka hapo moto ukawashika Walutheri wa Buhaya. Katika uamsho huo alikulia kiimani Josiah Kibira, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Bukoba na rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani tangu 1977 hadi 1984.

Je, kila kitu kilikuwa kizuri? Hapana, na tusiifiche historia. Baadhi ya waliookoka waliwahukumu wengine kwa ukali. Nyumba ziligawanyika. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha teolojia cha Mukono walifukuzwa kwa sababu ya mgogoro uliotokana na uamsho. Hata hivyo walio wengi katika Uganda hawakuunda dhehebu lao. Walibaki ndani ya Kanisa lile walilolilaumu, na wengi wakawa wahudumu wake.

Sisi Wakatoliki tunaungama dhambi kwa padre katika Sakramenti ya Kitubio, na siri ya maungamo ni zawadi inayomlinda mdhambi. Hatuhitaji kuiga maungamo ya hadharani. Lakini tujiulize: je, tukitoka kwenye kiti cha maungamo tunarudisha tulichokopa? Tunamfuata jirani tuliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Uekumene ya mwaka 1964, unatufundisha kwamba mema anayoyatenda Roho Mtakatifu kwa ndugu zetu waliotengana nasi yanaweza kutujenga sisi pia.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Ngara hatuwezi kulikwepa. Miaka ileile ya 1930, wakati Gahini inawaka, Kanisa Katoliki Rwanda lilikuwa linabatiza makundi makubwa sana ya watu. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu zaidi ya 200,000 walivuka Rusumo na kujaa Benaco. Nchi iliyopata uamsho mkubwa na ubatizo mwingi ilikuwa imemwaga damu ya watoto wake. Wapo Wakristo, wa kwao na wa kwetu, waliokufa kwa sababu walikataa kumchukia jirani. Wapo pia waliobatizwa waliochukua panga. Hapo swali la kwanza la Blasio linapata uzito wake wote: nini kinalifanya Kanisa lililojaa watu liwe limepoa ndani? Takwimu za ubatizo hazilijibu. Wala wingi wa machozi katika mkutano mmoja haulijibu.

Blasio hakuanza na waamini wa kawaida. Alianza na moyo wake, kisha akataka kuwauliza viongozi wa Kanisa. Mafrateri na waseminari wenzetu, sisi tunasali masifu kwa saa, tunajifunza teolojia, tunavaa kanzu. Haya yote yanaweza kufanywa na mtu aliyelala. Na waamini wa parokia na vigango vyetu, msiogope kutuombea tuamke, wala msione aibu kutuonya.

Tarehe aliyofariki Blasio, 25 Januari, ni sikukuu ya Kuongoka kwa Mtakatifu Paulo na siku ya mwisho ya juma la kuombea umoja wa Wakristo. Siku hiyo ikifika, jumuiya zetu ndogondogo ziwaalike majirani Waanglikana na Walutheri, tusali pamoja. Na kabla hatujawaalika, kila mmoja wetu amalize kwanza deni alilonalo kwa jirani yake.